Mama Kulwa Ni Mmoja Tu

Msomaji anayetufikia leo hajachelewa. Apolonia ni mwanafunzi wa stashahada ya biashara katika chuo kimoja mjini Shinyanga. Somo la kompyuta lilimwangusha kwa sababu alijumlisha kila kitu kwa kikokotoo cha simu, akayaandika majibu ndani ya lahajedwali, kisha akamweleza msahihishaji kwamba mashine ilikuwa ya kupamba kazi. Chuo hakikuvutiwa na maelezo hayo.

Mwalimu Eustace, mkuu wa somo, alimpa nafasi ya mwisho. Aende kwenye mafunzo kwa vitendo, asafishe orodha halisi ya watu halisi, naye atakuja kuikagua.

Ndivyo tulivyomwacha wiki iliyopita, mlangoni mwa ofisi ya soko la Buseresere. Hapohapo ndipo mama yake mzazi anapouza michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, chini, juu ya turubai, juani. Soko jipya lenye paa limekamilika. Mvua za vuli ziko njiani, na michembe ikilowa huota ukungu. Vizimba vya sokoni vitagawiwa kwa orodha. Asiyekuwemo atabaki nje na turubai lake.

Orodha imo ndani ya kompyuta. Na kompyuta, Mungu apishe mbali, imekabidhiwa kwa Apolonia.

*

Katibu wa soko, Mzee Herman, aliifungua kompyuta taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

"Majina yote nimeyaingiza mwenyewe," alisema. "Kidole kimoja."

"Hongera, Katibu."

"Usinipongeze, nihurumie. Mwenyekiti anataka orodha safi kesho kutwa. Anasema kuna watu wamejiandikisha mara mbili."

"Wapo kweli?"

"Soko gani halina watu hao?"

Apolonia alisogeza kiti. Safu ya kwanza ilikuwa ya majina. Safu ya pili ilikuwa nyembamba, nayo ilijaa alama za reli, ####, kutoka juu mpaka chini.

"Katibu, hizi reli ni za nini?"

"Mimi niliandika namba za simu. Mashine ikazigeuza yenyewe."

"Basi zimeharibika."

"Sijui. Wewe ndiye umetoka chuoni."

Apolonia alitikisa kichwa kwa ujuzi. Ukweli ni kwamba siku Mwalimu Eustace alipofundisha maana ya reli hizo, yeye alikuwa kwenye sherehe ya ubarikio Didia, akila pilau. Siku ya somo la kuondoa marudio alikuwepo, tena kiti cha mbele. Mtu hutumia alichonacho.

"Na hapa umeandika Mama Shija Mkubwa na Mama Shija Mdogo?"

"Wako wawili. Ulitaka niwaunganishe?"

Alicheka, akabofya amri ya kuondoa marudio. Mashine ilifikiri kidogo, ikajibu kwamba hakuna marudio yoyote.

Jibu hilo halikumfaa. Orodha iliyokuwa safi tangu mwanzo haina alama za kumpa mwanafunzi. Apolonia alikumbuka maneno ya darasani: unaweza kuiambia mashine itazame safu gani na iache safu gani. Safu ya reli ilikuwa takataka. Aliiondolea alama ya vema, akabakiza safu ya majina peke yake.

Alibofya tena. Mistari minane ikaondolewa.

Hakutazama ni mistari gani. Mashine haikumwonyesha, naye hakuiuliza. Alihifadhi. Alifunga. Alinyoosha mgongo kama mtu aliyelima shamba zima kabla ya chai.

*

Mwenyekiti wa soko, Bwana Marwa, aliingia akipangusa mikono. Alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki ng'ambo ya barabara ya Biharamulo, na kila alichokishika kilikuwa na alama ya kidole chake.

"Nane?" aliuliza.

"Nane, Mwenyekiti."

"Herman, unasikia? Wafanyabiashara hewa nane katika soko langu."

"Nasikia."

"Mwenyekiti, samahani," Apolonia alisema. "Sikusema ni hewa. Nimesema ni marudio."

"Marudio ni hewa iliyovaa koti, binti yangu. Nilipotoka Tarime kuja huku niliambiwa watu wa huku ni wapole. Wapole sana. Hewa nane."

"Labda tuyatazame kwanza majina yenyewe."

"Tutazame nini? Wewe umesoma?"

"Ninasoma."

"Mashine imekataa?"

"Haijakataa."

"Basi yamekwisha. Kuanzia leo wewe ni Madam Kompyuta. Herman, karatasi za zamani ziko wapi?"

Ziko kabatini, Herman alisema, zile walizoandikiwa watu siku ya kujiandikisha.

"Za nini tena? Tumehamia dijitali. Tukiziacha, kuna mjanja atakuja kuziokota na kudai."

Nyuma ya ofisi kulikuwa na nusu ya pipa la kuchomea taka. Karatasi ziliwekwa humo. Marwa alitaka kiberiti kishikwe na kijana, kwa sababu dijitali ni ya vijana, na akataka picha. Katika picha hiyo, iliyorushwa kwenye kundi la simu la soko kabla majivu hayajapoa, Apolonia anatabasamu na Katibu Herman amesimama wima kama askari wa gwaride.

Siku hiyohiyo watu wanane waliokuwa wakisubiri nafasi waliandikiwa barua za vizimba. Zikapigwa mihuri. Herman alikuwa na udhaifu wa mihuri.

*

Jumatano orodha ilibandikwa ukutani. Majina tu, namba za vizimba zingetolewa Jumamosi mkutanoni. Safu ya reli Apolonia hakuichapa, kwa sababu haikupendeza.

Jioni alimkuta mama yake ameketi kwenye kigoda, kufuli jipya mapajani, analifungua na kulifunga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Doto. Nimeliona jina langu."

Hapa tueleze. Chuoni anaitwa Apolonia. Nyumbani ni Doto, kwa sababu ni pacha, na Kulwa alimtangulia kuiona dunia katika hospitali ya Kolandoto. Kulwa sasa ni mwanaapolo, anachimba dhahabu upande wa Geita, na huonekana nyumbani akiishiwa. Lakini alitangulia. Kwa hiyo mama yao ni Mama Kulwa. Hajawahi kuitwa Mama Doto na mtu yeyote, jambo ambalo Doto alililalamikia sana utotoni, na ambalo katika wiki hii ya kusafisha orodha alikuwa amelisahau kabisa.

"Umeliona," Apolonia alisema.

"Limeandikwa vizuri. Nilimwambia mtu anisomee mara mbili, nikafurahi mara mbili. Na niliwahi, mwanangu. Siku ya kujiandikisha nilifika Katibu hajafungua mlango."

"Hongera, mama."

"Hao wanane mliowakamata, watu wa namna gani? Sisi tunaanika michembe juani tunasubiri, mwenzako anajiandikisha mara mbili. Wangekuwa karibu ningewapiga na kufuli."

Jogoo aliwika ndani ya mkoba wa Apolonia. Ulikuwa mlio wa simu. Mama ndiye aliyeuchagua, tangu simu yake mwenyewe ilipotumbukia kwenye ndoo ya maji, ili ausikie hata akiwa uani.

"Doto, pokea. Hiyo ni simu yangu."

Alikuwa mteja wa Katoro. Alitaka michembe gunia moja na matobolwa, vile viazi vinavyochemshwa kabla ya kukaushwa, nusu. Wateja wote wa mama walikuwa na namba ya Apolonia. Akiwa darasani Shinyanga alikwisha kutoka nje mara nyingi kuelezana na watu juu ya viazi vilivyokaushwa.

Alipokata simu, mlango ulikuwa tayari na mtu. Mama mmoja mnene, mchangamfu, ananukia ziwa.

"Mwadila, mayu," mgeni alisalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila. Karibu, Mama Kulwa."

"Nimepita tu kukupa habari. Jina langu nimeliona."

"Na mimi langu nimeliona."

"Si nilikwambia? Nimetoka kwa Mama Kulwa wa mitumba, kaliona lake. Wa ndizi kaliona. Kila Mama Kulwa niliyekutana naye leo kaliona jina lake. Mwaka huu ni wetu."

Mama wa dagaa na mama wa michembe walishikana mikono, wakacheka.

Apolonia alitafuta mahali pa kukaa. Ukutani pale ofisini kulikuwa na Mama Kulwa mmoja. Alimkumbuka vizuri, alimchapa mwenyewe, karibu na mwanzo wa ukurasa. Mmoja tu.

"Doto, mbona umebadilika rangi?" mama aliuliza.

"Njaa," Apolonia alijibu.

*

Alhamisi aliwahi ofisini. Kabati la chuma lilikuwa limefungwa na kompyuta ilikuwa ndani yake.

"Amri ya Mwenyekiti," Herman alisema. "Anaogopa wale hewa wasije kujirudisha. Ufunguo ameondoka nao. Yuko Chato wilayani mpaka Jumamosi."

"Katibu, hapa sokoni kuna akina Mama Kulwa wangapi?"

Herman aliinua vidole. Wa michembe. Wa dagaa. Wa mitumba. Wa ndizi. Wa mkaa. Wa vitumbua. Mmoja ambaye hana pacha kabisa, mwanawe alirithi jina la babu. Vidole vya mkono wa pili navyo vilikuwa vinakwisha.

"Tisa," alisema, na sauti ikamshuka akiwa katikati ya neno.

Tisa ukitoa mmoja ni nane, Apolonia alihesabu.

"Kwa nini hukuandika mkubwa na mdogo, kama kwa akina Mama Shija?"

"Akina Mama Shija wako wawili, inawezekana. Tisa ningewapangaje? Niliandika Mama Kulwa na namba ya simu. Simu ndiyo ingewatofautisha."

"Simu zimegeuka reli, Katibu."

"Wewe ndiye uliyesema zimeharibika."

"Nani amebaki kati yao?"

Herman alifikiri. "Nadhani wa dagaa. Yule hunisumbua kila siku, lazima alijiandikisha mapema. Wa michembe ni mpole, atakuwa katikati huko."

Kati ya wanawake tisa, mashine ilikuwa imebakiza mmoja, na bahati ya mama yake haikuwahi kushinda hata bahati nasibu ya sabuni.

"Nitampigia Mwenyekiti nimwambie."

"Usiseme," Herman alisema. "Ile picha ya moto na mimi nimo."

Alipiga. Marwa alipokea kwa furaha ya mtu aliye karibu na wakubwa.

"Madam Kompyuta. Nilikuwa nakutaja sasa hivi."

"Mwenyekiti, ile orodha ina kosa."

"Ilikuwa na kosa. Umeliondoa. Nimelieleza kwenye kikao, wamepiga makofi."

"Hapana, ni mimi niliyekosea. Wale wanane ni watu."

"Hewa wote ni watu, binti yangu. Ng'ombe hawezi kujiandikisha mara mbili."

"Nina maana wapo. Wanauza. Wanapumua."

"Wanapumua, ndiyo maana wanaitwa hewa." Marwa alicheka mwenyewe, akamrudia mtu wa pembeni maneno hayo, na mtu huyo akacheka pia. "Usiogope vitisho. Wakikusumbua niambie. Jumamosi nitakutambulisha mbele ya watu."

Simu ikakatika. Apolonia alikuwa amekiri kosa kwa Kiswahili fasaha, na alichopata ni kutambulishwa mbele ya watu.

*

Ijumaa mchana alimweleza mama. Alichagua wakati wa kushona magunia, kwa kuwa mama akishika sindano ya gunia huwa hasimami ghafla.

"Mama, jina ulilosomewa ukutani si lako."

"Ni la nani?"

"La Mama Kulwa."

"Doto, jua limekupiga?"

Alieleza. Safu ya majina, safu ya reli, alama ya vema aliyoiondoa, mistari minane. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Mashine ilikuambia nini kwanza, kabla hujaiondolea hiyo alama?"

"Iliniambia hakuna marudio."

"Ukaikatalia."

"Nilitaka alama za chuo."

Mama alivuta uzi mrefu.

"Kwa hiyo mimi ndiye hewa," alisema. "Nimesomesha mtoto kwa michembe, amekwenda Shinyanga, amerudi, amenigeuza hewa."

"Mama, nisamehe."

"Kizimba changu unaweza kukirudisha?"

"Watu wengine wameshapewa barua."

"Zina mihuri?"

"Zina mihuri."

"Huyo Herman." Mama aliifunga ncha ya uzi. "Sikiliza. Kesho utasimama mbele ya watu useme kama ulivyonieleza mimi. Kwa kirefu, usiruke. Ukinyamaza, nitasimama mimi, na mimi Kiswahili cha mkutano sikijui, nitasema Kisukuma, na nitasema kila kitu, hadi ile siku ulipoiba karanga za mwalimu."

"Watanila nyama, mama."

"Hawatakula. Mtu akisikia umemfuta hata mama yako, atakuonea huruma. Nani mwenye akili anamfuta mama yake makusudi?"

Neno hilo lilimkaa Apolonia kichwani. Alilirudia moyoni akipika, akila, akiosha vyombo. Ndilo lililokuwa utetezi wake wote: mwizi angeanza kwa kumwokoa mama yake. Yeye amemfuta. Kwa hiyo si mwizi, ni mjinga, na ujinga hauna kifungo.

*

Jumamosi watu walijaa chini ya paa jipya. Marwa alikuwa ameazima projekta kutoka banda la kuonyesha mpira, nayo ilimulika orodha juu ya ukuta mweupe, majina makubwa kama mabango. Vibao vya namba vilipangwa mezani.

Na katika kiti cha mgeni rasmi, suruali imepigwa pasi, daftari la ukaguzi gotini, alikuwa ameketi Mwalimu Eustace.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nasikia sifa zako tangu nilipoteremka kwenye basi. Muuza maji amenisimulia habari zako."

"Mwalimu, kabla hujaandika chochote—"

"Nitaandika nikishaona."

Mkoba wake Apolonia aliuweka mezani, kando ya kompyuta, akasimama mbele ya watu, mgongo wake ukiwa kwenye ukuta wa orodha. Marwa alishika kipaza sauti.

"Tunaanza na kizimba namba moja, karibu na geti. Mama Kulwa, njoo uchukue kibao chako."

Wanawake tisa wakasimama.

Walisimama wote kwa pamoja, kila mmoja na tabasamu lake, wakapiga hatua mbili tatu, ndipo wakaonana. Watu walianza kucheka. Mama Kulwa wa mitumba alimwambia wa mkaa aketi, ameitwa yeye. Wa mkaa alimwambia wa mitumba amwulize mumewe ni nani ameitwa. Wa dagaa alikuwa amefika mezani na ameshika kibao. Mama wa michembe alisimama pembeni kidogo, kufuli mkononi, akimtazama binti yake.

"Mnawaona?" Marwa alisema kwenye kipaza sauti. "Mnawaona hewa? Nilisema watajileta."

"Nani hewa?" aliuliza wa dagaa. "Mimi na mwili huu?"

Kicheko kiliongezeka. Apolonia alinyoosha mkono, na bila kusubiri ruhusa akasema.

Alisema kwa kirefu, kama alivyoagizwa. Kwamba mashine ilimwambia hakuna marudio, akaikatalia. Kwamba aliifunika safu ya simu kwa sababu hakuielewa. Kwamba akina Mama Kulwa ni tisa, wote wana mizigo sokoni, na nane kati yao amewafuta yeye kwa kidole chake, kwa tamaa ya alama. Kwamba kiberiti kilichochoma karatasi alikishika yeye.

Kicheko kilikwisha. Mtu wa nyuma alisema msichana huyu apelekwe polisi. Mwingine alisema awekwe ndani ya lile pipa.

"Ndugu zangu," Apolonia alisema, na sauti yake ikatulia, kwa kuwa amefika kwenye neno lake. "Mama Kulwa wa michembe mnamfahamu. Yule pale mwenye kufuli. Ni mama yangu mzazi. Na yeye nimemfuta. Nimekosea, lakini sikuiba. Mwizi gani angemfuta mama yake?"

Mwanamke mmoja akasema maskini. Mwingine akasema kweli bwana, mtoto angekuwa mjanja angemwacha mama yake. Mama Kulwa wa dagaa alirudisha kibao mezani. Hata Marwa alishusha kipaza sauti. Mwalimu Eustace aliandika kitu, na kwa jinsi alivyotikisa kichwa huku akiandika, kilikuwa kitu kizuri.

"Maji yamemwagika," Marwa alisema, sasa kwa sauti ya baba. "Wanane tutawafikiria, barua zimeshatoka, sijui. Lakini huyu aliyebaki kwenye orodha ni halali, na kibao ni chake. Ni yupi kati yenu?"

"Mimi," walisema kadhaa.

"Hatuwezi kumjua, Mwenyekiti," Apolonia alisema. "Namba za simu zimeharibika."

"Nani amekuambia zimeharibika?" aliuliza Mwalimu Eustace.

Alisimama, akasafisha koo kama yuko darasani.

"Mambo mawili, na yote nilifundisha. Kwanza, mashine ikiondoa marudio humwacha yule aliyeandikwa wa kwanza. Aliyebaki hapa ndiye aliyewahi kujiandikisha kuliko wenzake. Pili, reli hizi hazina ubaya wowote. Safu ni nyembamba, namba imekosa nafasi ya kukaa. Ukiipanua, inaonekana."

Aliweka kipanya mpakani mwa safu, akabofya mara mbili. Watu waliokuwa wakiutazama ukuta walisema aah kwa pamoja, kama bao limeingia.

Wa kwanza. Apolonia alilisikia neno hilo likipita, na maneno ya mama yakamrudia. Nilifika Katibu hajafungua mlango. Alitaka kugeuka auangalie ukuta.

"Rahisi kabisa," Marwa alisema. Alikuwa ameshatoa simu yake na alikuwa akibonyeza tarakimu huku akiinua macho ukutani. "Atakayeitwa na simu ndiye mwenye kizimba. Kaeni kimya wote."

Alibonyeza ya mwisho. Akaitazama simu yake, akakunja uso, akaitazama tena karibu, kama mtu ambaye kioo cha simu kimemwonyesha jina badala ya namba, tena jina alilolihifadhi mwenyewe kwa furaha siku chache zilizopita.

Hata hivyo akabonyeza kitufe cha kupiga.

Jogoo aliwika mezani. Aliwika ndani ya mkoba, kando ya kompyuta, mara ya kwanza, mara ya pili, na macho ya soko zima yakauacha ukuta, yakaenda kwenye mkoba, yakapanda taratibu mpaka kwenye uso wa mwenye mkoba. Kalamu ya Mwalimu Eustace ilisimama juu ya daftari.

Mama yake peke yake ndiye aliyetabasamu. Alikuwa mbali, karibu na nguzo, na ule mlio aliuchagua yeye ili ausikie popote.

"Doto, mwanangu, pokea," aliita kwa sauti ya kusikika na wote. "Hiyo ni simu yangu."